Mvinyo wa mlimani, bahari ya Pangani na watoto wanne kwenye Noah moja

Ukisema mvinyo kwa Mtanzania akili inakimbilia Dodoma moja kwa moja, na shosti wangu ndo alivoanza. Yani Desemba ilivokaribia kila akinipigia simu ni twende Dodoma tukaone mashamba ya zabibu afu tushuke baharini. Mie sinywi, lakini zabibu nazipenda na watoto wangu wanazipenda kunizidi, kwaiyo sikua na neno. Ila zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kuna ule msimu wa mwezi wa pili kuelekea wa tatu, na ule wa mwezi wa nane kuelekea wa tisa, sasa Desemba unaenda kuona nini, vishada vya kijani vichungu, afu mtoto wa miaka mitatu umwambie asiguse? Na ukitoka hapo mpaka uikute bahari ni siku nzima barabarani. Baba watoto akasema kwani lazima Dodoma, si twende Tanga, mlima upo, bahari ipo, vyote mkoa mmoja, na mvinyo wa wamisionari upo kule Soni, milima ya Lushoto. Shosti akanuna kidogo afu akakubali.

Tulikua watu wazima wanne na watoto wanne, mkubwa kabisa ana miaka saba na mdogo kabisa ndo kwanza anajua kukimbia lakini hajui kusimama. Naandika haya kwa wale wenye watoto wa umri huo, na nitaongelea zaidi habari za saa kuliko habari za sehemu, maana kuna sehemu ile ile watoto waliililia mchana kwamba hawaitaki, kesho yake jioni tukarudi wakagoma kuondoka.

Kutoka Dar hatukwenda Lushoto moja kwa moja, tulilala Korogwe. Shemeji, mume wa shosti, alilalamika sana, anasema tunalipia gesti ya bure wakati Mombo ni hapo tu na ukishafika Mombo umefika. Hujafika bana. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita thelathini na kitu, lami nzuri, lakini ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na ukipanda pale saa kumi jioni na watoto ambao toka asubuhi wamekula chipsi, biskuti, soda na maziwa, utasimama kila baada ya kona kusafisha viti. Sie tulipanda asubuhi. Walikunywa chai ya rangi nyepesi na kipande cha muhogo wa kuchemsha basi, hakuna maziwa, hakuna mafuta, madirisha wazi, na yule mwenye tumbo jepesi tukamkalisha katikati anaona barabara ya mbele, simu marufuku kwa wote. Mama yake akampa ndimu awe anainusa. Sijui kama ndimu ndo inafanya kazi au ni ile kua na kitu cha kushughulika nacho, ila hakutapika mtu, na Soni tulisimama kwenye maporomoko tukapiga picha kama watu wa maana.

Kabla ya hapo nisisahau mkonge. Toka Segera mpaka Korogwe wale watoto walikua wanashangilia wanasema mananasi, mananasi makubwa, mashamba yote haya mananasi! Na kweli ukiutazama mkonge mchanga unafanana na nanasi. Baba watoto akapata darasa lake hapo, akawaambia Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf mwaka 1893 aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kule Marekani, ikafia njiani karibu yote, ikabaki 62, na ndo hiyo iliyozaa mashamba yote mnayoyaona. Wa miaka saba hakuamini mpaka leo. Alichouliza ni moja tu, ile iliyokufa walizika wapi.

Lushoto hapahitaji maneno mengi, kila mtu anajua pazuri. Mji uko juu karibu mita 1,400, Wajerumani walipaita Wilhelmstal, na baridi ya Desemba sio ile ya mwezi wa sita wa saba ya kuvaa makoti mawili, ila usiku inaingia. Watoto wa Dar hawana sweta, kwaiyo wote wanne tuliwanunulia mtumba sokoni pale pale na zilitoka kwa bei rahisi kuliko tungenunua Kariakoo. Desemba pia ni msimu wa plamu, unazikuta zimepangwa kwenye visado barabarani toka Soni mpaka mjini, na mapeasi, na matunda damu. Hapa nawapa tahadhari ya mama kwa mama. Plamu ni tamu, mtoto anakula kumi bila wewe kujua, na usiku ule ule utajua. Wape baada ya chakula, tena kwa kuhesabu.

Irente ndo ile sehemu niliyosema. Siku ya kwanza tulienda mchana saa sita, jua la utosi, kule chini bonde lote limefunikwa na ukungu wa joto huoni kitu, watoto wana njaa na wana usingizi, na pale ni ukingo wa mwamba, chini yako ni karibu mita elfu moja mpaka tambarare ya Mombo na Mazinde, mtoto unamshika mkono mwanzo mwisho na yeye anataka kukimbia. Ilikua kilio. Tukarudi kesho yake jioni, washalala mchana, washakula, jua linashuka kule umasaini, hewa imesafika, unaiona barabara tuliyopita na magari madogo yanatembea, na yule wa miaka saba akakaa chini mwenyewe anahesabu malori. Hatukulipa chochote cha ziada kupata furaha hiyo, tulibadilisha saa tu. Katikati ya safari hizo mbili kuna shamba la Irente la Walutheri, unapata mkate wa pale pale, jibini, siagi na jemu, unakaa kwenye majani unakula. Watoto wangu hawajawahi kula jibini, mmoja alitema, mmoja akamaliza ya wenzie wote. Masista wa Kikatoliki njia ya kuingia mjini nao wanauza jibini na jemu.

Sasa mvinyo wa shosti. Sakharani iko karibu na Soni, unaacha lami unaingia njia ya udongo, ni misheni ya watawa Wabenediktini na inajulikana kwa mvinyo na makadamia, zile njugu za mtini. Nilikua na wasiwasi na siku hiyo kuliko zote, maana niliwaza watoto wanne kwenye nyumba ya watawa, kimya kile, na mie na mtandio wangu nakwenda kusindikiza mtu kununua pombe, mama yangu Tanga akisikia ataniuliza vizuri. Lakini ile sehemu ina miti mikubwa, ina kivuli na nafasi. Watawa wana saa zao za sala na hawakubadilishii wewe kwa sababu una watoto, tulifika mchana wako kwenye sala, kwaiyo tukatandika kanga chini ya mti na chakula chetu tukasubiri. Na kumbe hiyo ndo ilikua sehemu nzuri ya siku nzima, maana watoto hawakuambiwa njoo huku tazama hiki, waliachwa. Waliokota makadamia zilizodondoka, ukapatikana mchezo wa kuzivunja. Makadamia ganda lake ni gumu balaa, wanaume wawili wazima na mawe mawili na jasho, nusu saa nzima, wakapata vipande vya kutosha kila mtoto kimoja. Shosti akaja kununua za kwake zilizobanguliwa tayari, pamoja na chupa zake, mambo yakaisha kwa amani.

Kitu kimoja kuhusu kununua mvinyo ukiwa na watoto, usitegemee kuonja pale na kukaa na glasi unatazama milima. Shosti alikua na hiyo picha kichwani. Mtoto wake mdogo amemng'ang'ania mguuni, wa pili anataka haja, sasa glasi utaishika na mkono upi? Yeye mvinyo wake aliunywa usiku kwenye baraza ya gesti, watoto wamelala, kajifunga shuka la kimasai, mie na chai yangu ya tangawizi, na wanaume wanabishana mpira. Anasema hajawahi kunywa mvinyo ukamwingia vile.

Kushuka tulishuka saa nane mchana kwa makusudi, usingizi wao ndo unaanza. Kona zote zile hawakuziona. Waliamka Muheza, machungwa yanauzwa dirishani, na sweta zote zishavuliwa maana joto la Tanga Desemba lile sio mchezo, unatoka kwenye blanketi asubuhi jioni unatafuta feni. Wawili walipata mafua kwa kubadilisha hewa vile. Na shemeji akakumbuka mvinyo, chupa zile zikikaa nyuma ya gari kwenye joto lile zitaharibika, kwaiyo sweta za mtumba zikapata kazi mpya, kila chupa ikavalishwa sweta la mtoto na kila tulipofika zinashuka kwanza chupa zinaingia ndani, afu ndo mabegi. Mama yangu aliona kitu kimefungwa sweta kimebebwa kwa uangalifu akauliza, huyo mtoto wa nani? Nikabadilisha mada.

Tanga mjini tulifikia kwa mama, nami ndo kwetu, kwaiyo naweza kua na upendeleo. Ila nisikilizeni. Ukifikia kwa ndugu na watoto, likizo inageuka kua ziara ya kusalimia. Shangazi huyu, mama mdogo yule, kila nyumba lazima mkae, lazima mle, bada, yani ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki wa nazi, huwezi kukataa, na watoto wamevalishwa vizuri wamekaa kwenye kochi wanachoka. Mie nilimwambia mama mapema kabisa kabla hatujatoka Dar, kwa heshima, mama tutakua nyumbani kwako siku hizi na hizi, nani anataka kutuona aje jioni kwako, sie asubuhi tunatoka na watoto. Alisema nimekua mzungu. Lakini aliwaita, wakaja wote kwa wakati mmoja, ikawa shughuli, vitumbua, kachori, bajia, watoto wamecheza na binamu zao uani mpaka usiku. Bora hivo mara mia.

Asubuhi hizo tulienda mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji. Kwa watoto wa miaka sita na saba, ndio, twende bila kufikiria. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji miaka mamilioni, mwongoza wageni anakuja na tochi anakuonesha hapa jiwe limejichora kochi, hapa ndege, hapa msikiti, watoto wanashindana kuona kwanza, afu anawaambia zile hadithi kwamba pango linatokea mpaka Mombasa, na watoto wanataka kuanza kutembea kwenda Mombasa sasa hivi. Kwa wa miaka mitatu ni ngumu, kuna giza, popo, kuna sehemu za kuinama, wangu alijificha uso kwenye bega langu mwanzo mpaka mwisho. Yule mdogo kabisa alibaki nje na mama yake kwenye kivuli. Nenda asubuhi, kuna joto kule ndani na unatoka umelowa. Baada ya hapo Raskazone kuoga, na jioni bustani za Jamhuri pale juu ya bandari, mishkaki, hewa, na baiskeli za watu wa Tanga zinapita.

Na hapa ndo nafika kwenye bahari yenyewe, maana kwa mie hiki ndo kitu ambacho wazazi wengi kutoka bara hawakijui na kinawaharibia likizo. Unalipa hoteli ya ufukweni, unafika na watoto na maboya yao, unakuta bahari haipo. Iko kule mbali, mbele yako ni matope, mawe na majani. Unaambiwa maji yamekupwa. Unasubiri, mtoto analia, na yakija kujaa mtoto kalala.

Toka Tanga mjini tulikwenda Pangani, tukafikia upande wa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, tulivuka na pantoni kwenda Bweni afu tukaendelea na barabara. Mzee mmoja mvuvi alikua anatengeneza nyavu pale, tukamwamkia shikamoo, akauliza wajukuu zangu wanataka kuoga lini. Nikasema sasa hivi. Akacheka, akauliza leo mwezi ngapi, sio mwezi wa kizungu, mwezi wa mbinguni. Mie mtoto wa Tanga nikaona aibu maana babu yangu alikua akiuliza hivo hivo na nlikua nishasahau hesabu. Iko hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu tarehe kumi na nne kumi na tano, ni bamvua, maji yanakupwa sana na kujaa sana. Siku hizo pwani yetu maji yanakua yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na yamejaa kama saa kumi jioni. Afu kila siku saa zinasogea mbele, karibu saa moja pungufu kidogo. Baada ya wiki, mwezi umebaki nusu, ni maji mafu, hayakupwi sana hayajai sana, na saa zimegeuka, asubuhi saa nne ndo yamejaa na jioni saa kumi yamekupwa.

Sasa weka hiyo hesabu juu ya ratiba ya mtoto. Mtoto mdogo ana nguvu asubuhi, analala mchana, anaamka saa tisa. Siku za bamvua ni kama mtu amekupangia. Saa nne asubuhi bahari imekimbia, kumebaki vidimbwi kwenye mawe, maji ya magotini ya uvuguvugu, hakuna wimbi, watoto wanaona kaa, konokono, samaki wadogo, nyota za bahari, wanashinda humo. Wavalishe viatu vya plastiki lakini, kuna wale weusi wenye miiba, ukimkanyaga mmoja likizo imekwisha. Mchana wanalala hoi. Wanaamka, bahari imekuja mpaka karibu na minazi, wanaoga. Siku za maji mafu unageuza, unaoga asubuhi kabla jua halijawa kali na jioni mnatembea ufukweni. Zote nzuri, cha muhimu ujue umefikia siku ipi. Kabla ya kulipia chumba chochote mie sasa natazama kalenda ya mwezi kwanza.

Mzee akaongeza jingine, watoto waingie maji yakiwa yanakuja, sio yakiwa yanaondoka, maji yanayoondoka yanavuta, hasa siku za bamvua, na karibu na mdomo wa mto msioge kabisa. Na wakiona yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama jeli anayewasha, limeelea wasilishike hata kama limekufa.

Kisiwa cha Maziwe kilituletea ubishi. Ni hifadhi ya bahari, fungu la mchanga mweupe mbali kidogo na pwani, zamani lilikua na miti sasa hamna hata mmoja, na maji yakijaa sana mchanga wenyewe unakaribia kuisha, kwaiyo boti zinakwenda kwa kufuata maji. Matumbawe na samaki wa kule ni wa ajabu. Lakini hakuna kivuli, hakuna choo, na ukishafika hurudi mpaka nahodha aseme. Wanaume walitaka twende wote. Mie na shosti tukasema hapana, wakubwa wawili waende na baba zao na maboya ya kuvaa, tukayajaribu ufukweni kwanza yanawabana vizuri, wadogo wabaki na sie. Walirudi wameungua mabega baba zao, watoto wako salama, maana watoto tuliwavalisha fulana za mikono mirefu na wale baba zao wakajiona wanaume.

Chandarua tulibeba zetu za watoto. Lushoto tulizisahau kwenye begi, Pangani zilitufaa sana. Maji ya kunywa nunua mengi mjini kabla ya kuvuka, ng'ambo maduka ni machache, na pampasi hivo hivo.

Sasa mie na shosti hatujaelewana mpaka leo. Yeye anasema mwakani tuanze baharini tumalizie mlimani, maana tulivomaliza Pangani na lile joto tukaingia Dar na joto lingine watu walirudi wamechoka kuliko walivoondoka, kumbe tungemalizia kwenye baridi, na mvinyo ungetoka Sakharani kwenda Dar moja kwa moja bila kuvalishwa sweta. Mie nasema hapana, watoto wakishaiona bahari mlima hawautaki tena, utawapandisha kona za Soni wanalia wanataka mchanga. Shemeji yuko upande wa mkewe kwa sababu ya chupa. Baba watoto anasema ataendesha popote ila Korogwe tulale.